Kengele ya Frere Town na Hofu za Wazee Wetu

Katika kitabu hiki cha Yubile mtasoma habari za makanisa yaliyojengwa, na hesabu ya waliobatizwa, na majina ya wale waliotangulia. Sisi tumetakiwa kuandika maneno machache juu ya mambo ya kale. Nasi tumechagua kuandika habari za hofu, kwa kuwa hofu nayo ina tarihi yake, ila watu hawapendi kuisimulia. Ushujaa husimuliwa penye moto wa jioni, bali hofu hufichwa ndani ya sanduku. Hata hivyo, asiyejua wazee wake waliogopa nini, hawezi kujua walishinda nini.

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa bara ya Kisauni, pana mahali paitwapo Kengeleni. Maelfu ya watu hupita hapo, wengine waenda sokoni, wengine shuleni, na jina hilo hulitaja kila siku pasipo kuuliza lilitoka wapi. Jina latokana na kengele iliyotundikwa siku za kijiji cha Frere Town, ili wenyeji waonywe wakija wakamataji wa watumwa. Yafaa tuifanye kengele hii kuwa mwalimu wetu kwa kitambo, maana yatufundisha mambo mawili: namna ya kuogopa kwa akili, na namna ya kuacha kuogopa wakati wake ukifika.

Frere Town ilianza hivi. Tarehe 5 Juni mwaka 1873, Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alitia mkono wake katika mapatano na Serikali ya Uingereza, kwamba watumwa wasichukuliwe tena kwa njia ya bahari, na masoko yao yafungwe. Aliyetumwa kwanza kutoka Uingereza kwa shauri hilo alikuwa Sir Bartle Frere. Lakini wino haukauki kwa watu wote siku moja. Majahazi yaliendelea kuvuka kwa siri, na manowari za Kiingereza zikaendelea kuyafukuza. Kila jahazi lililokamatwa lilitoa watu, waume kwa wake, na watoto wengi ambao nchi zao zilikuwa mbali mno, wala hapakuwa na wa kuwarudisha kwao. Zamani baadhi yao walipelekwa hata Bara Hindi, wakalelewa karibu na mji wa Nasik, katika kazi ya misheni. Mwaka 1874 Padre William Salter Price, aliyekuwa mkuu wa kazi ile ya Nasik, alifika Mombasa, akapata shamba Kisauni. Na tangu mwaka 1875 watu waliookolewa majahazini wakaanza kuletwa hapo. Mji ule ukaitwa kwa jina la Frere.

Basi fikirini hali yao. Mmoja ni Myao, wa pili ni Mmakua, wa tatu ametoka pande za Nyasa. Hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili kile walichojifunza njiani na katika taabu. Hawakuwa na mjomba wala shangazi wa kuwaita. Walikuwa na kitu kimoja tu kilicho chao wote, nacho ni hofu ya kukamatwa mara ya pili. Hofu hiyo haikuwa ya kitoto. Mapatano ya mwaka 1873 yalizuia biashara ya baharini na masoko, lakini hayakuufuta utumwa wenyewe. Katika Unguja na Pemba sheria haikuacha kuutambua utumwa mpaka mwaka 1897, na katika pwani ya Mombasa mpaka mwaka 1907. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, watu wa Frere Town walikaa karibu na nchi ambayo ndani yake mtu aliweza kuwa mali ya mtu mwenziwe.

Ndipo tunapoiona kazi ya kengele. Kengele haikumwondoa adui, wala haikuwa na upanga. Kazi yake ilikuwa kutenga saa ya hatari na saa nyingine zote. Mahali pasipo kengele, kila jani likianguka ni adui, na kila mgeni ni mwizi. Mtu hulala macho wazi, na asubuhi hana nguvu za kulima. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu wale walikuwa wameumwa kweli kweli. Lakini mahali penye kengele mtu aweza kujiambia, "Kengele haijalia, basi sasa na tulime, na tufundishe watoto." Hofu yao ikapewa mlinzi na mahali pake, isitawale usiku na mchana. Huo ndio ushindi wa kwanza, nao si mdogo.

Hofu ya pili ilikuwa Rabai. Huko ndiko Krapf na Rebmann walikoanza makao yao mwaka 1846, juu ya vilima, katika nchi ya Warabai. Miaka ilipopita, Rabai ilipata wageni wa namna nyingine, ndio watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya pwani. Yatupasa kufahamu tofauti iliyokuwapo. Mtu aliyeokolewa jahazini na manowari alikuwa huru mbele ya sheria. Bali mtoro hakuokolewa na mtu. Alijiokoa mwenyewe kwa miguu yake, na mbele ya sheria ya siku zile alikuwa bado mali ya bwana wake. Mabwana walikasirika, wakatisha kuvivamia vijiji vya misheni. Na balozi wa Kiingereza aliyekuwako Unguja aliwaambia wamisheni ya kwamba hawana haki ya kuwapokea watoro. Kwa hiyo watu wale walilima, wakaoa, wakazaa, wakajifunza kusoma, na siku zote hizo kila mmoja alijua ya kuwa mtu mmoja aweza kuja kutoka pwani, akamtaja kwa jina lake la zamani, na yote yakavunjika.

Mwaka 1888 George Mackenzie alifika Mombasa kwa ajili ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Aliona ya kuwa shauri la watoro laweza kuleta vita. Wakahesabiwa watoro waliokaa katika vijiji vya misheni, wakaonekana kuwa watu wapatao 1,400, na wengi wao walikuwa Rabai. Shauri likakatwa kwamba mabwana walipwe fidia, na watu wapewe hati za uhuru. Hati hizo zikatolewa Rabai tarehe 1 Januari mwaka 1889.

Hapa twataka msomaji atulie kidogo. Fidia hailipwi kwa ajili ya mtu asiyejulikana. Ili awe huru, mtoro hakuwa na budi kujulikana yeye ni nani, na alikuwa mtumwa wa nani. Neno lile lile alilolificha miaka yote kwa hofu, ndilo lililokuwa mlango wa uhuru wake. Angalijificha siku ile, asitajwe, angalibaki mtoro. Na hofu yake ingalizeeka pamoja naye. Twaona basi kwamba yako mambo ya kale ambayo mtu hawezi kuyatoroka kwa kukimbia. Huyatoka kwa kuyataja mbele ya mashahidi.

Tena iko habari ya mtu mmoja ambayo haifai kusahauliwa katika mitaa yetu, nayo ni habari ya William Jones. Alitwaliwa utumwani angali mtoto, akaokolewa, akalelewa Bara Hindi, kisha akarudi Afrika akawa mwalimu Rabai. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimweka kuwa shemasi, pamoja na Ishmael Semler, naye alikuwa mmoja wa wale waliolelewa huko. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Askofu aliondoka Rabai pamoja na wapagazi wapatao mia mbili, akishika njia ya nchi ya Wamasai kwenda Uganda, na Jones alifuatana naye. Walipofika Kwa Sundu, ambapo leo paitwa Mumias, Askofu alimwacha Jones pamoja na wengi wa msafara, akaendelea yeye na watu wapatao hamsini. Mwezi wa Oktoba Askofu aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na watu wake nao wakauawa, wakaokoka wachache sana.

Habari zilipomfikia Jones, alikuwa mbali na pwani safari ya miezi, mwenye watu wengi chini ya mkono wake, na mbele yake nchi ile ile ya Wamasai. Mtu aliyeuzwa angali mtoto ajua vema maana ya msafara uliopotelewa na mkuu wake. Hata hivyo hakuutawanya msafara, wala hakukimbia peke yake. Alingoja siku nyingi kwa kutumaini kwamba labda wengine watarudi. Alipokwisha kukata tamaa, aliwaongoza watu wake kurudi, akafika Rabai mwezi wa Februari mwaka 1886. Mbele ya msafara ilichukuliwa bendera ya buluu, nayo imeandikwa kwa herufi nyeupe jina Ikabodi, lenye maana ya kwamba utukufu umeondoka. Watu wa Rabai walipoiona waliijua habari kabla ya kuambiwa.

Yuajuaje mtu wa leo mambo hayo? Kwa sababu Jones aliandika. Katika safari ile aliweka kitabu cha habari za kila siku. Vivyo hivyo Jacob Wainwright, kijana mwingine wa Nasik. David Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika nchi ya Chitambo, wenziwe wa safari, pamoja na Chuma na Susi, waliuchukua mwili wake mpaka pwani. Na Wainwright alichonga maneno ya ukumbusho juu ya mti, akaandika habari za njiani. Hawa walikuwa watu waliotwaliwa kwao wasijue kusoma, wakapewa majina ya kigeni. Lakini walipopata kalamu, waliitumia katika saa ya hofu kuu. Si neno dogo. Mtu anayeandika yaliyompata, asimama mbali kidogo na hofu yake, akaitazama usoni.

Sasa tuseme juu ya hofu ya tatu, ambayo ndiyo yetu. Wakamataji hawapo tena. Mabwana na watumwa wote wamelala makaburini. Lakini nenda katika nyumba nyingi za pwani, katika vijiji vya Wakristo na katika mitaa ya Waislamu, ukaulize, "Babu wa babu yako alitoka wapi?" Utaona macho yakitazama chini. Wengine watakuambia, "Sisi ni wa hapa hapa," na mazungumzo yatakatika. Watoto hufundishwa kunyamaza pasipo kuambiwa sababu. Shuleni mwalimu akiwaagiza waandike habari za ukoo wao, yuko mtoto ambaye karatasi yake hubaki nyeupe, naye huona haya mbele ya wenziwe kama kwamba ametenda kosa.

Na methali ipo inayomchoma, isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii ni ya kweli, lakini yatumiwa vibaya ikielekezwa kwa hao. Wazee wetu hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Aliyenyang'anywa hana aibu. Aibu ni ya mnyang'anyi. Tena methali yenyewe, ikisomwa vema, yatuagiza tuitafute asili, si tuifiche. Mtu anayeikimbia asili yake kwa hofu, huyo ndiye anayekaa katika utumwa ambao hakuna Sultani wala Kampuni iwezayo kuufuta kwa hati.

Hii ndiyo kengele inayolia hata leo ijapokuwa adui ameondoka. Kwa kuwa hatukuambiwa saa ya hatari ilikwisha lini, twakaa vichakani. Na hapa ndipo faida ya elimu ya mambo ya kale inapoonekana. Wako wasemao kwamba kuyasoma mambo ya kale ni kufukua makaburi. Sisi twasema kwamba ni kumpa mtu habari ya mwaka. Ajuaye ya kuwa utumwa katika pwani yetu ulikatazwa na sheria mwaka 1907, ajua ya kwamba hofu ya babu yake ilikuwa na mwanzo, ilikuwa na sababu, tena ilikuwa na mwisho. Hofu isiyo na mwaka haina mwisho. Hurithiwa kama shamba.

Wengine huogopa jambo jingine, kwamba habari hizi zitaleta ugomvi kati ya majirani. Hofu hiyo yafaa kuheshimiwa, maana watoto wa watumwa na watoto wa mabwana wanakaa mji mmoja, wanaoana, na kuzikana. Lakini tarihi ya kweli haimpi mtu mmoja jiwe la kumpiga mwenziwe. Yaonyesha ya kuwa dhambi hii ilikuwa na mikono mingi. Walikuwako Waarabu na Waswahili waliouza na kununua. Walikuwako wakuu wa bara wa watu weusi waliowauza majirani zao kwa nguo na bunduki. Walikuwako Wazungu waliowapakia watu merikebuni kuvuka bahari nyingine miaka mingi kabla mataifa yao hayajaanza kuikataza biashara hiyo. Anayezisoma habari zote hapati nafasi ya kujivuna. Hupata nafasi ya kuhurumia. Ugomvi hauletwi na habari nzima. Huletwa na nusu ya habari.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, twawapa shauri la kazi.

Kwanza, waendeeni wazee wangali hai, nanyi mwende kwa adabu. Msimwulize mzee mbele ya watu, "Je, ninyi mlikuwa watumwa?" Mwulizeni nyimbo alizoimbiwa na bibi yake, na chakula walichopika siku ya matanga, na majina waliyoitana nyumbani. Jina na wimbo huenda mbali zaidi kuliko swali.

Pili, vitazameni vitabu vya zamani vya ubatizo na vya ndoa vilivyomo makanisani. Msisahau ya kuwa majina kama Jones, Semler na Wainwright yalipokewa ugenini. Nyuma ya jina la namna hiyo liko jina jingine, na nyuma yake mama aliyelitoa. Vilindeni vitabu hivyo na mchwa na mvua, maana ukurasa mmoja ukiliwa, ukoo mzima hupotewa na njia.

Tatu, msikubali neno moja la mtu mmoja kuwa yakini. Litafutieni shahidi wa pili. Lililo hakika liandikwe kuwa hakika, na la kusikia liandikwe kuwa la kusikia. Mwongo anayesifu wazee wetu hana faida kuliko mwongo anayewatukana. Wote wawili watunyima wazee wenyewe.

Nne, aandikeni mwaka. Hata kama hamna ila mwaka wa njaa au mwaka wa reli, uandikeni. Mwaka ndio mpaka wa hofu.

Na yule mtoto ambaye karatasi yake hubaki nyeupe, msimwache hivyo. Mwambieni aandike haya: "Wazee wangu waliletwa pwani pasipo kupenda kwao. Walikuwa na hofu kwa sababu ya haki. Walilima, walijifunza, walizaa, hata mimi nikapatikana." Hayo ni maneno machache, lakini ni kweli tupu, tena hayana aibu ndani yake. Akiisha kuyaandika atakuwa na mahali pa kuanzia.

Wazee wetu walitundika kengele ili watoto wao walale usingizi. Sisi tuliozaliwa baada ya hatari tuna deni la namna nyingine, nalo ni kusema wazi wazi kwamba hatari ile imekwisha, na kusimulia ilivyokuwa, na jinsi walivyoivuka. Tukinyamaza, tutawarithisha watoto hofu pasipo habari zake. Tukisema, tutawarithisha habari, na hofu itabaki na wenyewe walioishinda. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala jengo jipya. Yahitaji daftari, na mzee mmoja, na mtu asiyeogopa kuuliza kwa adabu na kungoja jibu.